Breki ya mbele inadunda: pima kabla hujanunua diski

Leva ya breki ya mbele ikianza kudunda vidoleni, jibu la haraka gereji nyingi ni "diski imepinda", na mwenye pikipiki anatumwa dukani. Mara nyingi diski haijapinda, ila imelika vibaya: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Tofauti ya milimita 0.05 tu inatosha kusikika. Pedi zikifika penye unene, pistoni inasukumwa kurudi ndani ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), mafuta ya breki yanarudi juu kwenye leva, leva inapiga. Diski iliyopinda kidogo lakini yenye unene sawa haisumbui sana, kwa sababu kalipa yenye pistoni upande mmoja inateleza kwenye pini zake na kuifuata.

Hatua ya 1: Sikiliza barabarani. Tafuta lami kavu, tambarare, isiyo na magari. Shika breki ya mbele peke yake, vidole viwili, taratibu, kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10. Tairi ya inchi 18 mzunguko wake ni kama mita 1.9, hivyo ukiwa kwenye 36 utahesabu mapigo kama 5 kwa sekunde, na yatapungua kadiri mwendo unavyoshuka. Hiyo ni diski. Usukani ukitikisika huku leva imetulia, shuku beringi au goroli za usukani. Ukitikisika hata usiposhika breki, angalia tairi na ringi.

Hatua ya 2: Inua tairi ya mbele. Stendi kubwa, na gogo chini ya injini (si chini ya ekzosi). Shika miguu ya shokapu, sukuma na vuta. Kisha fanya hivyo kwenye tairi, kushoto na kulia. Ulegevu wowote urekebishwe kwanza, la sivyo huko mbele utakuwa unapima beringi ukidhani unapima diski.

Hatua ya 3: Pima unene. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana wanatumia venia (kipimo cha meno mawili kinachoteleza). Diski iliyotumika huacha ukingo mdogo nje, pale pedi zisipofika. Meno ya venia yanakaa juu ya ukingo huo na kukupa unene wa diski mpya. Tumia maikromita (kipimo cha skrubu chenye ncha ndogo), pima sehemu 8 kuizunguka diski, zote umbali uleule kutoka ukingoni, na andika kila namba. Linganisha ndogo kuliko zote na maandishi ya MIN TH (unene wa chini unaoruhusiwa) yaliyogongwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa chini ya hapo, hakuna mjadala, diski imekwisha. Ikiwa juu, lakini namba zinatofautiana kwa 0.05 au zaidi, mdundo wako umeupata.

Hatua ya 4: Pima myumbo, yaani diski inavyoyumba kushoto na kulia ikizunguka. Daili geji (kipimo chenye mshale na ncha inayogusa diski) ndiyo kifaa chake, ila sumaku yake haishiki kwenye mguu wa shokapu wa alumini. Ifunge kwa klampu. Huna geji? Funga kipande cha spoku kuukuu kwenye mguu wa shokapu, ncha yake ikaribie diski milimita chache ndani ya ukingo. Zungusha tairi polepole, pima uwazi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na weka alama ya chaki pale unapopungua zaidi. Tofauti kati ya uwazi mkubwa na mdogo ndiyo myumbo. Pikipiki nyingi kikomo ni 0.3 au chini yake. Kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata.

Myumbo ukizidi kikomo, usilaumu diski bado. Ifungue uangalie kitako chake kwenye habu (kitovu cha tairi): kutu, rangi, mchanga. Uchafu wa milimita 0.1 kwenye kitako chenye kipenyo cha 80 unakuwa 0.3 ukingoni mwa diski ya 240. Kwangua mpaka chuma king'ae, rudisha diski ukiisogeza tundu moja, kaza bolti kwa kuvuka, moja kisha ya upande wa pili, raundi tatu, ukimalizia kwa kipimo cha kitabu. Pima tena.

Hatua ya 5: Kalipa. Lazima iteleze kwa mkono. Pini zikikwama, hata myumbo mdogo utausikia. Safisha, paka grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya beringi inavimbisha raba, isiguse hapo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, fundi anasema ataichonga diski kwenye mashine. Niruhusu?*
Piga hesabu. Diski mpya ya milimita 4 yenye kikomo cha 3.5 ina 0.25 tu ya kuliwa kila upande, na yako imeshalika. Hela hiyo weka kwenye diski nyingine na pedi mpya pamoja.

*Pikipiki ilikaa wiki mbili kwenye mvua. Sasa kuna doa lenye umbo la pedi.*
Hiyo ni kutu iliyoota chini ya pedi. Msasa namba 120, pande zote mbili, kwa mistari inayokatana, kisha futa kwa spiriti. Petroli huacha utando. Pedi nazo zisugue juu ya kioo chenye msasa. Halafu punguza mwendo mara kumi kutoka 50 hadi 10 bila kusimama kabisa, ukiachia breki ipoe katikati. Mdundo ukibaki, rudi hatua ya 3.

*Fundi, yangu ina breki ya dramu mbele, si diski. Imeanza kudunda baada ya kukaziwa spoku.*
Spoku zilizokazwa kupita kiasi upande mmoja zinavuta habu, dramu inakuwa yai. Inua tairi, izungushe huku ukikaza breki polepole mpaka viatu vya breki vianze kugusa dramu. Mlio ukija mahali palepale kila mzunguko, weka alama. Gonga spoku zote kwa spana: zenye sauti kali zaidi ndizo zilizokazwa mno. Legeza robo mzunguko kila moja, nyoosha ringi upya, sikiliza tena.

*Yangu ina ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama ukishika breki), inapiga nikishika breki kwenye changarawe.*
Hapo inafanya kazi yake. Ikipiga kwenye lami kavu bila kubana sana, safisha sensa na pete yake kwanza. Tope la chuma hujikusanya hapo.