Namna ya kupata wenzako wa mazoezi ya alfajiri

Mimi ni fundi cherehani, Msasani. Nakaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi. Presha ilipoanza kupanda, zahanati waliniambia nitembee. Nikajaribu peke yangu mara tatu, na mara zote wiki ya pili haikuisha. Sasa huu ni mwaka wa nne naamka saa kumi na nusu alfajiri, kwa sababu kuna watu wananisubiri kwenye kona ya duka la dawa. Nawe unaweza kuwapata wa kwako, bila kulipa kiingilio.

Amka Jumamosi au Jumapili, saa kumi na mbili kasoro uwe umeshafika kando ya barabara kubwa ya jirani. Kwa hapa Dar utawasikia wakimbiaji kabla hujawaona: mmoja anaanzisha wimbo wa mchakamchaka, wengine wanaitikia, kama tulivyofanya shule ya msingi. Wakipita, usiwaangalie wa mbele. Mwangalie wa mwisho kabisa. Akiwa peke yake, anahema na hakuna anayegeuka, ngoja kikundi kingine. Ukiona mtu amerudi nyuma kukimbia naye, hao ndio wenyewe. Mimi niliwapata hivyo barabara ya Toure, upande wa Coco Beach. Mzee mmoja mwenye filimbi alikuwa anarudi nyuma kila baada ya muda kumfuata mama mnene aliyevaa dera juu ya suruali, wanaongea, wanacheka. Jumanne yake nikawa nao.

Uliza wanakutana wapi na siku gani. Uliza pia kuhusu fulana. Vikundi vingi vina sare, na watu wengine hukata tamaa wakidhani bila sare hawapokelewi. Miezi mitano ya kwanza nilikimbia na fulana ya harusi ya binamu yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Raba ya mtumba ya pale soko la Karume inatosha. Ikunje kabla hujalipa: ikunjike kwenye vidole. Ikikunjika katikati ya wayo kama karatasi, iache. Vaa nguo nyeupe au ya rangi kali, maana bodaboda nyingine hazina taa, na mkimbie mkielekeana na magari. Dhahabu ibaki nyumbani. Kama una presha, sukari au goti bovu, pita kwanza kwa daktari, halafu mwambie kiongozi siku hiyohiyo ya kwanza.

Mwendo wetu wa wageni unahesabiwa kwa nguzo za umeme: kimbia nguzo moja, tembea mbili. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini kuimba kunakushinda, hapo ndipo pako. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sisi tunatoka Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, dakika 50 kila siku, kwenda mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi. Imetimia.

Sasa la muhimu kuliko yote. Siku ya kwanza usiondoke bila namba ya mtu mmoja anayeishi karibu nawe. Wangu ni dada msusi wa mtaa wa pili. Saa kumi na nusu ananibip. Nisipombip ndani ya dakika tano, anapiga kabisa. Kundi la watu arobaini halitajua kwamba umelala, ila mtu mmoja atajua.

Halafu omba kazi. Yangu ni kuhesabu watu tunapoondoka na tunaporudi. Asubuhi moja tulitoka 23, tukarudi 22. Tukamkuta kijana mmoja amekaa chini darajani, kizunguzungu, hajala tangu jana yake mchana. Muuza dafu alikuwa anapita na baiskeli yake, tukamnunulia mawili. Tangu siku hiyo sijakosa kuhesabu, na nadhani ndiyo maana sikosi kufika.

Utakosa siku nyingine. Kutakuwa na masika, na mtoto atashikwa na homa. Rudi tu, hakuna haja ya kuandaa maelezo.

Mama yangu alipofariki nilikaa zaidi ya mwezi bila kutoka. Walikuja msibani na fulana zao, wakakaa mkekani na wengine, wakachanga. Mzee wa filimbi alisaidia kubeba maji. Hakuna aliyeniuliza nitarudi lini. Arobaini ikapita. Jumanne iliyofuata, kukiwa bado giza, simu ililia mara moja ikakatika. Nikambip, nikaingiza mkono chini ya kitanda kutafuta raba.