Jinsi ya kusoma matokeo ya mbio ndogo za baiskeli na kuielewa sprinti ya mwisho

Wengi wakifungua matokeo ya mbio za baiskeli wanaangalia jina la kwanza wanafunga. Kwa Tour de France sawa, kila kitu kimeshachambuliwa, ila mbio ndogo hazina mtu wa kukuchambulia na saa ingine kamera zinawashwa mbio zikiwa zinakaribia kuisha, kwa hiyo yale majedwali ndo macho yako. Na huku chini ndo unamwona mtu kabla dunia haijamjua, hilo naliamini kabisa. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua (yaani siku moja ndani ya mbio ya siku kadhaa) ya Tropicale Amissa Bongo kule Gabon mwaka 2019 akiwa na miaka 18, Januari 2022 akachukua Trofeo Alcúdia pale Mallorca, miezi miwili baadae akashinda Gent-Wevelgem, mbio kubwa ya Ubelgiji, na watu wakaanza kuulizana huyu katokea wapi. Alikuwepo muda wote, kwenye majedwali ambayo hakuna anayeyafungua.

Anza na daraja la mbio. Pembeni ya jina utaona 1.1, au 2.1, au 1.Pro. Namba ya mbele ikiwa 1 hiyo ni mbio ya siku moja, ikiwa 2 ni ya hatua, yaani siku kadhaa. Kinachokuja baada ya nukta ndo uzito wake: Pro iko juu, inafuata 1, halafu 2. Tour du Rwanda ilikuwa 2.2, ikapandishwa kuwa 2.1 mwaka 2019. Usiruke hiki kipande, maana pointi za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, zinafuata hiyo namba na pointi ndo zinaamua timu inampeleka nani wapi. Ukishinda mbio ya 1.1 unapata pointi 125, ukishinda hatua moja ndani ya mbio ya 2.1 unapata 14 tu. Sasa hapo ndo utaelewa kwa nini Arnaud De Lie, sprinta kijana (mtu wa kasi ya kumalizia) wa timu ya Lotto, mwaka 2022 alizungushwa sana kwenye vimbio vya siku moja akashinda mara 9, wakati timu yake inahangaika isishuke kutoka daraja la juu la timu (na ikashuka, pamoja na jitihada zake zote).

Ukimaliza hapo nenda kwenye safu ya muda, na hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Unakuta watu 60 wana muda uleule wa mshindi wakati kwenye video umeona kabisa wa 60 kafika nyuma sana. Ni kwamba muda unahesabiwa kwa kundi, sio kwa mtu. Mkiwa mmeshikana bila pengo wote mnapewa muda wa wa kwanza wenu, na pengo linapimwa kuanzia gurudumu la nyuma la mtu wa mwisho wa kundi la mbele mpaka gurudumu la mbele la anayefuata, likifika sekunde 1 kundi limekatika. Kwenye hatua zilizotangazwa mapema kuwa ni za sprinti wanaruhusu hadi sekunde 3, ili wale wanaolinda msimamo wa jumla wasijibanze katikati ya masprinta na kusababisha ajali. Kuna na ile kanuni ya kilomita 3: kwenye hatua ya hivyo ukianguka au ukipata pancha ndani ya kilomita 3 za mwisho unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Kwa hiyo ukiona mtu ni wa 110 halafu muda wake sawa na mshindi, usidhani jedwali limekosewa, huenda alikuwa chini kwenye lami. Mbio za siku moja hazina huo msamaha. Na kwenye mbio za hatua kumbuka bonasi, mara nyingi ni sekunde 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza, ambazo kwenye mbio fupi ya siku 5 zinaweza kubadilisha jezi ya njano, ile ya anayeongoza kwa jumla, bila mtu yeyote kumwacha mwenzie barabarani.

Zile herufi za chini: DNF hakumaliza, DNS hakuanza, OTL kapitwa na muda wa kikomo, DSQ katolewa. Basi.

Sasa sprinti yenyewe, ule mchomoko wa kasi kuelekea mstari wa mwisho. Ukiwa na video usimwangalie sprinta, mwangalie aliyeko mbele yake. Kwenye kilomita ya mwisho wanakimbia 60 kwa saa na zaidi, upepo ndo adui, na aliyejificha nyuma ya mgongo wa mwenzie anatumia nguvu kidogo sana kuliko anayekata upepo, ndo maana timu inapanga treni, mmoja anavuta anaachia, mwingine anachukua, mpaka wa mwisho anamwachia sprinta akiwa na kama mita 200 hivi. Anayeanza mapema upepo ukiwa wa mbele anapitwa kwenye mita 50 za mwisho, karibu kila mara. Upepo ukiwa wa nyuma mambo yanageuka, hapo aliyechelewa kufungua ndo analia. Kwa hiyo kabla hujasema fulani hana miguu angalia bendera za pembeni mwa barabara zinapepea kwenda wapi.

Kwenye mbio ndogo hiyo treni mara nyingi inavunjika, na mi naona utamu uko hapohapo. Tour du Rwanda timu zinakuja na watu 5, milima imeshawamaliza wasaidizi wawili watatu, sprinta anafika peke yake inabidi adandie treni ya watu wengine. Hapo rudisha video mpaka kona ya mwisho, au kipilefti cha mwisho, hesabu nani katoka akiwa wa ngapi. Aliyetoka kwenye nafasi ya tatu au ya nne akiwa na mgongo mzuri wa kujificha ana nafasi kubwa kuliko mwenye nguvu aliyetoka wa 15. Halafu angalia na umbo la barabara ya mwisho. Mwaka 2023 Ethan Vernon, sprinta Mwingereza, alishinda hatua mbili za kwanza Rwanda, Rwamagana na Gisagara, lakini siku ambayo wanapitishwa Mur de Kigali, ile barabara ya mawe inayopanda kama ukuta, usitafute sprinta kwenye kumi bora. Ukitaka kujifunzia sprinti safi isiyo na milima nenda Scheldeprijs ya Ubelgiji, inaishia Schoten, tambarare tupu, Marcel Kittel kaishinda mara 5. Tazama marudio ya kilomita 3 za mwisho mara mbili, ya kwanza kwa kamera ya juu ya helikopta ili uone treni zinavyopanda na kuvunjika, ya pili kwa kamera ya mbele.

Kisha rudi kwenye jedwali usome kuanzia wa pili mpaka wa ishirini. Timu yenye watu watatu kwenye 20 bora ila hakuna kwenye 3 bora, treni yao ilikuwepo ila kuna kitu kimeharibika. Kijana wa timu ndogo anayekuja wa 6, wa 8, wa 5 wiki kwa wiki bila msaidizi, andika jina lake.

La mwisho, subiri matokeo rasmi. Kinachohesabika ni ukingo wa mbele wa tairi la mbele kugusa mstari, ndo maana wanairusha baiskeli mbele mikono ikiwa imenyooka. Oktoba 2020 Julian Alaphilippe alinyanyua mikono kushangilia mapema kwenye mbio ya Liège-Bastogne-Liège, Primož Roglič akampita palepale kwenye mstari. Siku 3 baadae kwenye Brabantse Pijl, mbio ya 1.Pro, akanyanyua mapema tena na Mathieu van der Poel akarusha baiskeli, safari hii Alaphilippe akaponea chupuchupu akashinda. Kule Liège waamuzi walimshusha Alaphilippe mpaka wa tano pia kwa kuhama mstari wake na kuwazuia wenzie. Anayeshushwa hivyo kawaida anawekwa mwisho wa kundi alilofika nalo, kwa hiyo ukiona mtu uliyemshuhudia akifika wa pili yuko wa 43 na muda uleule wa mshindi, kasome taarifa ya waamuzi ya siku hiyo, kosa lake litakuwa limeandikwa pale pamoja na faini.