Kuchora data za makundi: anzia kwenye daftari, si kwenye grafu

Nilimpa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo daftari la mazoezi lenye majibu ya wauzaji 40. Swali lilikuwa moja: zao lako kuu sokoni ni lipi? Aliyapa majibu namba ili ayaingize haraka kwenye kompyuta: viazi 1, ndizi 2, mahindi 3, parachichi 4, maharage 5. Kesho yake akaniletea jibu: wastani ni 2.4.

Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Lakini 2.4 ni zao gani? Kati ya ndizi na mahindi hakuna kitu. Angeanza na maharage kama namba 1, wastani ungebadilika na soko likabaki vilevile. Basi tulitumie daftari hilohilo. Namba zake ni za mazoezi, usizinukuu kama takwimu za soko la Uyole wala la Mwanjelwa, hapa Mbeya.

Hatua ya 1: Jiulize kama wastani wake una maana

Ukimuuliza muuzaji ameshusha magunia mangapi leo, atakupa idadi. Unaweza kujumlisha, kutoa, kutafuta wastani. Ukimuuliza kama gunia lake ni lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi, au la kawaida, amekupa kundi. Gunia ni lilelile, ila data ni za aina mbili. Namba ya simu na namba ya gari nazo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, hakuna anayezitafutia wastani.

Makundi yenyewe yako ya namna mbili. Mazao hayana mkubwa wala mdogo, viazi havitangulii ndizi kwa lolote. Lakini hali ya barabara ya kwenda shambani, ukiiandika nzuri, ya wastani, mbaya, ina mpangilio wake. Kwa data zenye mpangilio unaweza kuyapanga majibu na kutafuta lililo katikati. Kwa mazao, kinachokusaidia ni modi, yaani kundi lililojitokeza mara nyingi zaidi.

Hatua ya 2: Amua makundi kabla hujaenda sokoni

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, nami niliwahi kuharibu ya kwangu hapa. Niliandika "viazi" kwenye fomu, nikarudi na karatasi zilizojaa viazi. Baadaye nikagundua wengine walimaanisha viazi mviringo, wengine viazi vitamu. Hakukuwa na namna ya kuwatenganisha tena, ikabidi nirudi kuuliza upya. Grafu nzuri kiasi gani ingeweza kuokoa hilo? Hakuna. Katika mfano wetu, viazi ni viazi mviringo, na fomu iseme hivyo.

Kila jibu liwe na kundi moja tu la kuingia, na lisikose pa kuingia. Mama anayeuza ndizi kutoka Rungwe na parachichi kutoka hukohuko utamweka wapi? Ukiuliza "unauza nini?", atahesabiwa mara mbili, na asilimia zako zitazidi 100. Si kosa kama ndivyo ulivyokusudia, lakini data hizo hazichorwi kwenye duara lililogawanywa vipande. Ukiuliza "zao lako kuu ni lipi?", anachagua moja. Mweleze pia "kuu" ni kwa mauzo ya fedha au kwa wingi wa mzigo, maana mkungu wa ndizi unajaza meza kabla haujajaza mfuko.

Weka na kundi la "mengineyo", ila ulichunge. Likianza kuwa kubwa kuliko makundi uliyoyataja, orodha yako haikulifahamu soko.

Hatua ya 3: Hesabu kwa vijiti, kisha hakikisha jumla

Kwa majibu 40 huhitaji kompyuta. Piga kijiti kimoja kwa kila jibu, cha tano kikate vinne vilivyotangulia. Utapata hivi:

Viazi 14
Ndizi 9
Mahindi 8
Parachichi 5
Maharage 4
Jumla 40

Ukitumia Excel na majibu yako yako safu ya B kuanzia mstari wa 2 hadi wa 41, andika =COUNTIF(B2:B41,"Viazi"), kisha badili jina la zao kwa kila mstari. Fomula hiyo haijali herufi kubwa au ndogo, lakini inajali nafasi iliyoachwa mwishoni mwa neno, na "viasi" kwake si viazi. Ndiyo maana jumla ni lazima. Ikija 38, kuna majibu mawili yaliyoandikwa vibaya mahali fulani. Yatafute kabla ya kuendelea.

Asilimia: gawa idadi ya kundi kwa 40, zidisha kwa 100. Viazi 35, ndizi 22.5, mahindi 20, parachichi 12.5, maharage 10.

Hatua ya 4: Chora mihimili

Kila kundi lipate mhimili wake, yaani nguzo inayoonyesha idadi kwa urefu wake. Kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 iwakilishe wauzaji 2. Mhimili wa viazi utakuwa sentimita 7, ndizi 4.5, mahindi 4, parachichi 2.5, maharage 2. Upana wa mihimili uwe sawa, na uache nafasi kati yake, kwa sababu kila kundi linajitegemea. Mihimili inayogusana huachiwa data za vipimo, kama uzito au umri uliogawanywa kwa vipande.

Mazao yapange kuanzia kubwa hadi dogo, msomaji asihangaike. Lakini hali ya barabara usiipange hivyo: ibaki nzuri, ya wastani, mbaya, hata kama mhimili wa katikati ndio mrefu kuliko yote.

Anza na sifuri. Hili silegezi kamwe. Tuseme umeanzia 8 ili kuokoa karatasi: viazi vitabaki na urefu wa 6, ndizi 1, na mahindi yatatoweka kabisa. Msomaji ataona viazi ni mara sita ya ndizi, wakati ukweli ni 14 kwa 9.

Hatua ya 5: Duara, ukilazimika

Nyuzi 360 ukigawa kwa wauzaji 40 unapata nyuzi 9 kwa kila mmoja. Viazi 126, ndizi 81, mahindi 72, parachichi 45, maharage 36. Pima kwa kipima pembe.

Ukimaliza, funika namba uone kama unaweza kutofautisha ndizi na mahindi. Ni shida. Mwaka 1984 wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukadiria vizuri zaidi nafasi kwenye kipimo kimoja, kama ncha za mihimili, kuliko pembe. Duara nalitumia pale tu makundi ni mawili au matatu, na ninachotaka kionekane ni sehemu ya kitu kizima.

Hatua ya 6: Linganisha makundi mawili kwa asilimia

Sasa tuongeze swali la jinsia. Kati ya wauzaji 40, wanawake ni 25 na wanaume 15. Waliotaja viazi ni wanawake 8 na wanaume 6.

Ukichora idadi, mhimili wa wanawake unazidi, na mtu ataandika kwenye ripoti kwamba wanawake ndio wanaoelekea zaidi kwenye viazi. Gawa kwanza: 8 kwa 25 ni asilimia 32, 6 kwa 15 ni asilimia 40. Mwelekeo umegeuka. Wanawake walizidi kwa sababu wako wengi sokoni, si kwa sababu wanapendelea viazi kuliko wanaume. Zote mbili ni kweli, ila zinajibu maswali tofauti: idadi inajibu nani utakutana naye kwenye meza za viazi, asilimia inajibu kila upande umeelekea wapi.

Kwa hiyo chora mihimili miwili ya asilimia, na chini ya kila mmoja andika ni wangapi walioulizwa: "wanawake, 25" na "wanaume, 15". Kwa wanaume 15, mtu mmoja akibadili jibu, mhimili wao unasogea karibu asilimia 7. Msomaji akiiona hiyo 15, atajua aiegemee tofauti hiyo kwa kiasi gani.