Jinsi ya Kurusha Roketi Mbili za Karatasi kwa Mkanyago Mmoja

Kirushio hiki kinahitaji chupa ya soda ya plastiki ya lita 2, bomba la PVC la inchi nusu, kiungo kimoja cha T, elbo mbili (viungo vya kona), karatasi za A4 na utepe wa gundi. Hewa iliyomo chupani inazitosha roketi zote mbili na kubaki; kazi kubwa ni kuigawa sawasawa, kwa sababu hewa hufuata njia nyepesi.

Kwanza, kata vipande viwili vya bomba vya sentimita 20, viwili vya sentimita 30, na kimoja cha mita moja. Vya sentimita 20 vitoke pande mbili za T na kuishia kwenye elbo zinazotazama juu, ambamo vile vya sentimita 30 vitasimama. Kipande kirefu kiunge mguu wa T na mdomo wa chupa, nawe uzungushe utepe mahali hapo mpaka pasivuje.

Pili, tengeneza roketi, na hapa usiharakishe. Zungushia bomba karatasi moja ya kuachia nafasi, kisha viringisha juu yake karatasi ya roketi na uibandike utepe mshono mzima. Ivue, kunja ncha moja na kuiziba kwa utepe, halafu puliza kutoka chini: ukisikia hewa ikipenya, ongeza utepe. Bandika mapezi matatu ya karatasi ngumu karibu na mkia, na utepe wa ziada puani, kwa kuwa roketi nzito mbele hunyooka angani. Roketi zote mbili ziteleze kwenye bomba kwa wepesi uleule. Iliyolegea itapitisha hewa bure na kuinyima mwenzake.

Tatu, elekeza mabomba mahali wazi, hakikisha hakuna uso juu yake, kisha kanyaga chupa kwa nguvu. Usiunganishe pampu wala kompresa kamwe: PVC iliyojazwa hewa yenye shinikizo hupasuka na kutawanya vipande vikali.

Roketi moja ikianguka karibu, zibadilishane mabomba. Kasoro ikihama pamoja na roketi, tengeneza roketi hiyo upya. Ikibaki kwenye bomba lilelile, kagua viungo vya upande huo.