SOMO: Namna ya kuchaji pikipiki ya umeme ili betri isichoke mapema

Wakuu habari za saa hizi. Nimeona niliandike hili somo kwa urefu mara moja maana maswali ya betri yanajirudia kila siku na watu wanatupa betri ambazo zilikuwa bado na miaka ya kupiga kazi. Mota inaweza kukaa miaka na miaka ukabadilisha beringi tu, ila betri ikichoka umerudi mwanzo kabisa. Na kwa wengi wetu kinachoichosha hata sio safari, ni yale masaa inakaa imesimama, imejaa mia, na ina joto. Hilo ndo nataka mlishike, mengine yote yanatokea hapo.

Mi nilijua baada ya kuiua betri yangu ya kwanza. Ilikuwa ya volti 72 ampea-saa 40 (ampea-saa ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), nikirudi jioni nachomeka dakika ileile betri bado ya moto, usiku wa manane imeshajaa, inalala mia mpaka asubuhi, afu naitoa nje inapigwa jua mpaka saa nne ndo naondoka. Mwaka mmoja na nusu tu, ile safari niliyokuwa narudi na asilimia 35 nikawa nafika naisukuma. Betri ya pili nimebadilisha tabia peke yake, njia ileile, mzigo uleule, na imeshaupita umri wa ile ya kwanza, bado narudi na thelathini na kitu.

Hatua ya 1: Jua betri yako ni ya aina gani

Soma lebo. Utakuta NMC, au LFP (nyingine zinaandika LiFePO4), hizi mbili zote ni za lithiamu, au ni zile za asidi, nzito, zimepangwa kadhaa za volti 12. Hizi tatu hazilelewi sawa kabisa, kwa hiyo usiruke hii hatua ukakimbilia ushauri wa jirani mwenye betri tofauti na yako.

Ndani ya betri kuna seli, yaani vibetri vidogo vilivyoungwa pamoja. Seli moja ya NMC ikijaa inafika volti 4.2, ya LFP inafika 3.65. Sasa betri mbili zote zimeandikwa "72", moja ina seli 20 za NMC zimefuatana inajaa kwenye volti 84, nyingine ina seli 24 za LFP inajaa kwenye 87.6. Geuza chaja usome volti inazotoa, zilingane na za betri yako. Ukichomeka chaja ya 87.6 kwenye betri ya 84 unazisukuma seli kuelekea 4.38 kila moja, na hapo kinachokutenganisha na moto ni BMS peke yake, yaani ile saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, na BMS nayo ni kifaa, kuna siku inakufa. Nawaomba sana, msiazimane chaja kwa sababu tu plagi imeingia.

Hatua ya 2: Iache ipoe kwanza

Ukishuka weka kiganja ubavuni mwa betri, kiache kama sekunde kumi. Ukisikia joto limezidi la mkono wako, subiri nusu saa, au saa nzima kama ulipanda milima na abiria, na kumbuka huko katikati seli zina joto kuliko hapo unapogusa. Betri nyingi za lithiamu kikomo chake cha kuchajiwa ni nyuzi 45, na pikipiki iliyosimama juani inafika huko bila hata kutembea. Kwa walio sehemu za baridi kali ni kinyume chake, chini ya nyuzi 0 usichaji kabisa, lithiamu inashindwa kuingia ndani ya grafaiti (ile kaboni ya ndani ya seli inayopokea chaji) inajibandika juu yake kama kutu, na ile hasara hairudi. Ingiza betri ndani ipate joto la chumba kwanza.

Hatua ya 3: Siku za kawaida ishia 80 hadi 90

Hii ni kwa NMC hasa. Seli ikikaa kwenye 4.2 kimiminika cha ndani kinaharibika taratibu muda wote, ukiongeza joto inaenda haraka zaidi. Ukiishia 4.1 kwa seli, ambayo kwa betri ya seli 20 ni volti 82, umepoteza kama asilimia kumi ya safari ila umeipunguzia betri mateso mengi sana.

Kama chaja yako haina sehemu ya kuchagua pa kuishia, tumia plagi ya taima na hesabu nyepesi. Mfano betri ampea-saa 40, umerudi na asilimia 30, unataka 85. Hiyo ni asilimia 55 ya 40, sawa na 22. Chaja ya ampea 10, gawanya, ni saa mbili na dakika kama kumi na mbili. Weka taima, kalale. Na kizuri zaidi ni kuipanga imalize karibu na muda wa kuondoka, sio saa sita usiku, kwa hiyo kama unatoka saa kumi na mbili asubuhi taima ianze saa tisa usiku hivi. Hapo betri inatoka kwenye chaji inaingia kazini moja kwa moja.

Hatua ya 4: Ila mara mojamoja ijaze mpaka mwisho

BMS nyingi zinasawazisha seli zikiwa karibu kujaa tu, usipofika huko kabisa seli zinaachana, moja inatangulia nyingine inabaki nyuma, mwisho wa siku betri nzima inabeba kwa kipimo cha ile dhaifu. NMC mara moja kwa mwezi inatosha, iache kwenye chaja saa moja au mbili baada ya taa kuwa kijani afu uitumie siku hiyohiyo. LFP nashauri kila wiki, tena kwa sababu nyingine: volti zake hazibadiliki sana katikati, asilimia 40 na 70 zinakaribia kufanana, kwa hiyo mita inapotea hesabu mpaka ijazwe ndo inajipanga upya. Kama kitabu cha pikipiki yako kimesema tofauti, fuata kitabu.

Hatua ya 5: Usiikamue

Ikifika 20 tafuta chaji. Kushuka mpaka 10 siku moja ya shida hakuui betri, kinachoua ni kuifikisha sifuri afu ukailaza hivyo siku tatu.

Hatua ya 6: Waya na mahali pa kuchajia

Ekstensheni ikunjue yote, ukiiacha imeviringwa inajipasha yenyewe mpaka plastiki inalainika. Baada ya mvua au kuosha pikipiki fungua kile kifuniko cha tundu la chaji, angalia kwa tochi, pini ziwe kavu kabisa. Pini yenye rangi nyeusi au plastiki iliyoanza kuwa kahawia maana yake mguso ni mbovu, pale pana joto, badilisha kabla ya kesho. Na usichaji mlangoni au chini ya ngazi, ikitokea moto hiyo ndo njia yenu ya kutokea, nasema hivi kwa msisitizo hasa kwa wenye watoto ndani. Betri iliyovimba, au inayotoa harufu tamutamu kama ya rangi ya kucha, itoe nje mbali na nyumba, usiichaji tena hata "kidogo tu nione".

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mi napata chaji ya nusu saa hapa, nusu saa pale, siku nzima hata mara nne. Si namaliza ile mizunguko ya betri haraka?

Jibu: Hapana mkuu, mzunguko hauhesabiwi kwa kuchomeka. Ukitumia asilimia 25 ukarudisha, mara nne, huo ndo mzunguko mmoja. Tena hiyo staili yako ya kuchajichaji katikati ni nzuri kwa lithiamu kuliko kushuka mpaka chini na kujaza mpaka juu. Angalia joto tu, usichomeke inapotoka mlimani.

Swali: Kaka hii ya 80 nifuate na mimi? Yangu ni betri sita za asidi.

Jibu: Usifuate dada yangu, itakuharibia. Ya asidi inataka kinyume, ijae kabisa kila baada ya kutumika na isilale nusu, ikilala bila kujaa zinaota fuwele za salfeti kwenye sahani na uwezo unapungua. Wewe ukifika tu ikishapoa kidogo chomeka, iache mpaka taa igeuke yenyewe. Hatua ya kupoa na ile ya waya ndo zinakuhusu, nilitakiwa niliseme hili mapema zaidi kwenye somo.

Swali: Yangu inashuka vizuri mpaka 35 afu ghafla inazima. Ni mita?

Jibu: Inaweza ikawa mita, ila mara nyingi ni seli moja imeachwa nyuma, ikifika chini BMS inakata umeme wote japo wenzake bado wana chaji. Jaza mpaka mia, iache kwenye chaja masaa kadhaa ukiwa upo karibu, rudia siku mbili tatu. Ikiwa bado, fundi apime kila kundi la seli betri ikiwa imeshuka, hapo 30 na kitu, maana ikiwa imejaa zote zinaonekana nzima. Ukikuta moja ina 3.0 wenzake 3.6 umeshampata mgonjwa.

Swali: Nasafiri miezi miwili, niiache imejaa ili nikirudi niwashe tu?

Jibu: Kama ni ya lithiamu iache kwenye 50 hivi, chomoa waya mkubwa au zima swichi ya betri kama ipo, weka sehemu ya kivuli na kavu. BMS yenyewe inakula kidogokidogo, kwa hiyo kama kuna mtu nyumbani aiangalie mwezi ukiisha, ikishuka chini ya 30 airudishe 50. Usiiache kwenye chaja muda wote huo.

Swali: Chaja ya haraka inaua betri?

Jibu: Inategemea ampea ukilinganisha na ukubwa wa betri. Ampea 10 kwenye betri ya 40 ni robo, hiyo ni ya kistaarabu kabisa. Ampea 40 kwenye hiyohiyo ndo joto linapanda. Mtengenezaji ameandika kikomo kwenye lebo, usikipite, na ya haraka tumia siku ukiwa na haraka kweli.

Swali: Betri ya shemeji yangu ilikaa miezi mitano bila kuguswa, chaja haiwashi hata taa. Kuna mtu kasema aigongeshe na betri nyingine nzima ili iamke, afanye?

Jibu: Asifanye, tafadhali mwambie leo. Seli ya lithiamu ikishuka sana ile shaba ya ndani inayeyuka, ukiirudishia chaji shaba inajijenga upya sehemu isiyotakiwa na inaweza kugusanisha pande mbili ndani kwa ndani. Itaonekana imepona, atatembea nayo, afu iwake moto usiku ikiwa kwenye chaji. Aipeleke kwa fundi wa betri aifungue apime seli mojamoja, zilizoshuka chini kabisa ziondolewe. Na kabla ya kuipeleka aitoe ndani ya nyumba.