Mlango wa kioo bafuni: pima kwanza, picha baadae

Watu wengi wakianza kukarabati bafu wanaanza na picha, kaiona mahali kaisevu kwenye simu, kioo kitupu bila fremu, bawaba nyeusi, basi fundi anaoneshwa anaambiwa nataka hii hapa. Mi nakuomba uiweke simu pembeni kwanza, ingia bafuni kwako na futi, kwasababu mlango unachaguliwa na nafasi uliyonayo, maji yako na ukuta wako, halafu urembo ndo unafata.

Bafu langu lina upana wa mita 1.5, sehemu ya shawa iko mwisho kabisa ukutani, choo cha kukaa kiko kabla yake. Nilikua nimeshaamua mlango wa kufungua, sentimita 70. Siku moja jioni nikachukua boksi la friji nikakata kipande cha sentimita 70, nikakishika pale bawaba ingekaa nikakizungusha taratibu kuja nje. Hata nusu ya mzunguko hakikufika, kikagonga choo. Nilikaa pale kwenye ndoo nimeshika boksi langu nikasema Mungu nakushukuru, maana kioo kingekua kile kile na choo kile kile. Fanya hivo na wewe, inachukua dakika kumi.

Sasa aina zenyewe. Mlango wa kufungua ni mzuri sana kwenye kusafisha, hauna reli ya kukusanya uchafu, ila mbele yake unataka nafasi tupu sawa na upana wake na ziada kidogo. Na ufunguke kwenda NJE, hili nalisisitiza, mtu akiteleza akaanguka ndani halafu mlango unasukumwa kwenda ndani, mwili wake unauzuia na huwezi kuingia kumsaidia. Kama nyumbani kuna wazee au mjamzito usikubali fundi akwambie ni sawa tu.

Wa kuslaidi ndo niliouchukua mimi. Unataka uwazi mpana, chini ya sentimita 120 utajikuta unapita kiubavu, maana kipande kimoja kinakaa nyuma ya kingine na kinachobaki kupita ni kama nusu tu. Kwangu mita 1.5 nimepata njia ya sentimita 65 hivi, mama yangu mwenye goti baya anapita vizuri. Ukichagua kuslaidi angalia unaoning'inia juu kwenye bomba, rola ziko juu, chini kuna kishikizo kidogo tu cha kuuzuia usicheze. Ule wenye mfereji chini unajaza sabuni na nywele, baada ya miezi michache unakwangua na mswaki.

Halafu kuna kioo kimoja kilichosimama tu, hakina mlango, unapita pembeni yake. Kwa bafu refu hiki ndo bora kuliko vyote, hakina bawaba wala rola ya kuharibika. Ila kiwe na upana usiopungua sentimita 90, na kichwa cha shawa kielekee ukutani sio kwenye njia ya kuingilia, la sivyo kila siku unadeki mpaka mlangoni. Ile ya kukunja kama milango ya stoo ipo pia kwa bafu dogo kabisa, ila viungo vyake ni vingi na mipira inachoka mapema, mi ningeiacha mpaka nikose njia nyingine.

Kwenye kioo chenyewe hapa usibane hela. Kiwe tempa, yaani kioo kilichochomwa kwenye joto kali kiwandani kikawa kigumu zaidi. Kioo cha kawaida cha dirisha kikivunjika kinatoa vipande virefu kama visu, na bafuni mtu yuko uchi. Tempa ikivunjika inasambaratika vipunje vidogo vidogo butu, inaweza ikakuchubua lakini ni tofauti kabisa. Muulize muuzaji akuoneshe mhuri pale kona ya kioo, mara nyingi unakuepo, mdogo umechomwa ndani ya kioo hautoki kwa kukwangua. Hakuna mhuri na maelezo yanazungukazunguka, ondoka. Unene milimita 8 inatosha kama kuna fremu au unaslaidi, bila fremu watu wengi wanaweka 10.

Lakini jua uzito. Kioo cha milimita 10 ni kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba, kwaiyo mlango wa sentimita 70 kwa mita 2 ni kilo 35, zaidi ya nusu mfuko wa simenti unaning'inia kwenye bawaba mbili kila siku ukifunguliwa na kufungwa. Kama ukuta wako ni tofali zenye matundu mwambie fundi mapema, kabla marumaru hazijabandikwa, ajaze zege sehemu bawaba zitakapokaa. Marumaru zikishabandikwa utaanza kubomoa.

Na hapo kwenye marumaru ndipo nilipopoteza hela yangu. Fundi wa kwanza alipima ukuta ukiwa bado na plasta, vioo vikaagizwa, marumaru zikaja na simenti yake kila upande, kile kipande cha mlango wangu kisichosogea kilivyoletwa kimezidi karibia sentimita 3. Nikamwambia basi kata kidogo. Akaniangalia. Tempa haikatwi wala haitobolewi baada ya kuchomwa, matundu yote na vipimo vyote vinafanyika kabla, ukiigusa na mashine inalipuka yote. Kioo kizima kikalazwa uani. Kwaiyo pima baada ya marumaru kukauka, upana upimwe chini, katikati na juu, maana kuta zetu hazijanyooka, na weka timazi ujue ukuta unalalia wapi. Vipimo vyote viandikwe na fundi aweke sahihi.

Maji nayo. Mi niko Kigamboni natumia kisima, maji yana chumvi, tone likikauka kwenye kioo linaacha doa jeupe. Kama na wewe ni hivo kioo cheupe kabisa kitakutaka ukifute kila ukimaliza kuoga, mpira wa kufutia madirisha, sekunde ishirini tu. Hutaki hiyo kazi chukua cha ukungu, madoa hayaonekani haraka na faragha unapata. Madoa yakishashika pakaza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha dakika chache, suuza, usitumie steel wire kamwe, na siki isikae kwenye vyuma. Vyuma vyenyewe viwe stenlesi, karibu na bahari ulizia daraja la 316, ambalo halili kutu haraka kwa chumvi, ikikosekana 304 uwe unaifuta. Zile za kung'aa nyepesi nyepesi zinabanduka rangi zinaanza kutoa unga mweupe. Fremu nyeusi ni nzuri lakini kwa maji ya chumvi inaonesha kila tone, fikiria mara mbili.

Siku ya kufunga wasikisimamishe kioo kona yake juu ya marumaru tupu, ukingo ndo udhaifu wa tempa, kugongwa kidogo tu pale kunaweza kukimaliza, watandike mbao au katoni. Kabla hawajapaka silikoni mwaga ndoo ya maji ndani uone kama yote yanaelekea kwenye tundu la kutolea, yakikimbilia mlangoni hakuna mpira utakaoyazuia, sakafu irekebishwe kwanza. Silikoni iwe ile ya bafuni inayozuia ukungu mweusi, na ikishapakwa msioge humo mpaka masaa 24 yaishe, hata watoto wakilalamika watumie bafu la nje.