Kupunguza biti za kichujio cha dijitali bila kupoteza usahihi

Mwongozo huu ni wa anayeunda, kwa chipu ya FPGA (chipu ambayo saketi zake hupangwa na mtumiaji), kichujio cha kufuatilia mtetemo wa mota, kwa mfano zile zinazoendesha mitambo ya kubangua korosho hapa Mtwara. Tuchukue kichujio chenye vizigeu 32, yaani namba zinazozidishwa na sampuli kisha matokeo yakajumlishwa, kinacholishwa na kibadilishi cha biti 12 kinachogeuza ishara ya mtetemo kuwa namba.

Hatua ya kwanza ni kupima kelele, tena kiwandani, si mezani. Zima mota inayopimwa, acha mitambo jirani iendelee, rekodi sampuli elfu kadhaa, kisha kokotoa mkengeuko sanifu. Ukipata takribani 1.15 ya hatua ndogo kabisa ya kibadilishi, biti mbili za mwisho zimekwisha kumezwa na kelele. Na kwa kuwa kila biti hubeba takribani desibeli 6, badala ya desibeli 74 za kinadharia kati ya ishara na kelele, umebaki na 62. Usilipie usahihi unaozidi huo kwa mbali.

Hatua ya pili, kabla ya kugusa biti, tazama kama vizigeu vina ulinganifu, yaani cha kwanza ni sawa na cha mwisho, cha pili na cha pili kutoka mwisho, na kuendelea. Vikiwa navyo, jumlisha kwanza sampuli zinazotumia kizigeu kimoja, na vizidishi, yaani saketi za kuzidisha, vitashuka kutoka 32 hadi 16. Kwa maoni yangu hakuna uokoaji bora kuliko huu, kwa sababu usahihi haupungui hata kidogo.

Hatua ya tatu, punguza biti za vizigeu kuanzia 16, moja moja, ukichora upya mwitikio wa masafa (jinsi kichujio kinavyopitisha au kuzuia kila masafa) kila mara, na usimame kabla masafa yanayopaswa kuzuiwa hayajaanza kupenya. Hata hivyo, kama chipu ina vizidishi vilivyojengwa tayari vya 16 kwa 16, kama ilivyo FPGA ya iCE40 UltraPlus, kushuka hadi 12 hakuokoi kizidishi hata kimoja. Faida huonekana pale kizidishi kinapojengwa kwa mantiki ya kawaida, ambako ukubwa wake hufuata zao la biti za pande mbili.

Kilimbikizi, yaani sehemu inayohifadhi jumla, kwa hesabu ya tahadhari kingehitaji biti 29: 12 za sampuli, 12 za vizigeu vikishapunguzwa, na 5 za kujumlisha mara 32. Ila jumla ya thamani kamili za vizigeu ikiwa chini ya 16,384, biti 26 zinatosha.

Mwishoni, kabla ya kukata biti za chini za jumla hiyo, ongeza nusu ya hatua ndogo kabisa itakayobaki. Ukikata tu, wastani huteremka kwa nusu hatua, na mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi) wa mtetemo ukigeuzwa kuwa kasi, kosa hilo dogo hujilimbikiza.